Unachosikiliza Ukiwa Peke Yako

Wajukuu zangu wa Kipalapala, mlioko seminarini, mlioko shuleni, na ninyi mnaoimba kwaya Jumapili kisha Jumatatu mkaamkia shughuli zenu mjini Tabora, siandiki haya kuwakataza muziki. Mji wetu umeulea muziki kwa muda mrefu, na asiye na wimbo moyoni namhurumia. Nataka tuzungumze juu ya kile mnachosikiliza mkiwa peke yenu, usiku, waya zikiwa masikioni na mwenzako wa kitanda cha pili amelala. Mtu hujifunua kwa wimbo anaourudia kuliko kwa maneno anayoyasema hadharani. Aliyefiwa ana wimbo wake. Aliyependa asipendwe ana wake. Anayepigana na wito wake, hajui abaki au aondoke, naye ana wake, na huusikiliza saa ambayo hata mlezi wake hayuko macho. Hayo ni yake na Mungu wake. Lakini siku hizi, kila anapobonyeza, kuna mahali panaandikwa.

Haya si mambo ya kukisia. Spotify, kampuni ya Sweden, ilifungua milango yake Tanzania Februari 2021, na inamruhusu mteja kuomba nakala ya kumbukumbu zake zote. Ombeni mjionee. Kila wimbo umeandikwa uliacha kuchezwa tarehe gani na saa ngapi, ulichezwa kwa milisekunde ngapi, kwa nini ulianza na kwa nini ulikatika, kama uliurusha au uliuacha ufike mwisho, ulikuwa nchi gani, unatumia kifaa gani, na kwa anwani ipi ya intaneti. Miaka yako yote iko pale, wimbo kwa wimbo.

Na hapa pana jambo ambalo kila kijana anapaswa kulijua. Programu hiyo ina sehemu ya kusikiliza kwa faragha. Ukiiwasha, marafiki wanaokufuata hawaoni unachosikiliza. Lakini katika kumbukumbu za kampuni, kando ya wimbo huohuo, kuna nafasi inayoonyesha kwamba wakati ule ulikuwa umewasha faragha. Umejificha kwa rafiki, hukujificha kwa mwenye huduma. Na sasa amejua hata saa uliyotaka kujificha.

Mwishoni mwa 2016 kampuni hiyo ilitundika mabango barabarani katika miji mikubwa, London ikiwamo. Bango moja lilimsemesha mtu aliyesikiliza wimbo Sorry wa Justin Bieber mara 42 Siku ya Wapendanao, likimuuliza amefanya nini. Hakutajwa jina. Waliopita walitabasamu, na watu wa matangazo walilisifu bango. Mimi namfikiria mtu mwenyewe. Huenda alikuwa ameachwa siku ile, huenda alikuwa amemkosea mtu asiyeweza tena kumwomba radhi. Alidhani yuko na wimbo tu. Mwaka huohuo, mwezi Novemba, kampuni hiyo ilitangaza ubia na WPP, mojawapo ya kampuni kubwa za matangazo duniani, ili taarifa za usikilizaji, pamoja na zile zinazodokeza hali ya moyo wa msikilizaji, ziwasaidie wauzaji kulenga matangazo yao. Kisha Januari 2021 ikapewa hataza ya mbinu ya kusikiliza sauti ya mtu na kukisia hisia zake, jinsia yake, umri wake na lafudhi yake, ili imchagulie nyimbo. Wanamuziki na mashirika ya kutetea haki, zaidi ya 180 kwa jumla, waliandika barua kuitaka kampuni iahidi kutoitumia kamwe. Kampuni ilijibu kwamba haijawahi kuitumia na haina mpango huo. Nalipokea jibu lao, lakini nawaambia kwamba mtu haendi kusajili mbinu ambayo hajaifikiria.

Nimeitaja Spotify kwa sababu mambo yake yameandikwa na kuthibitishwa. Msidhani ni hiyo peke yake. YouTube imefungwa na akaunti ya Google, ileile unayoitumia kwa barua pepe, ramani na picha. Boomplay inakuja ikiwa tayari ndani ya simu nyingi za Tecno, Infinix na itel, hata kabla hujaamua kuitaka. Mdundo ya Kenya inakupa wimbo bure kwa sababu mtangazaji amelipa. Sina ugomvi na huduma hizi. Zimewafikisha wasanii wetu mahali ambapo kaseti isingefika. Ninachotaka ni mwone kitu gani kinatolewa badala ya pesa.

Najua mtakalonijibu, kwa sababu nimelisikia: "Babu, mimi sina la kuficha." Mjukuu wangu, kuwa na siri si kuwa na hatia. Hapa Kipalapala kiwanda cha uchapaji cha TMP kimechapa vitabu vya sala, vya nyimbo na vya masomo, na kutoka huku lilitoka gazeti la Kiongozi lililoanza mwaka 1950. Kitabu kilipotoka mlangoni kikaingia mkobani mwa mtu, mchapaji hakujua tena kilisomwa wapi, ukurasa gani ulirudiwa, wala ni sala gani ilimliza msomaji. Hakuna aliyeona kwamba msomaji anaficha kitu. Ilikuwa hali ya kawaida ya mtu na kitabu chake. Muziki nao ulikuwa hivyo, redioni na kwenye kaseti, na ninyi ndio kizazi cha kwanza kuambiwa kwamba haiwezekani tena. Inawezekana.

Mbaya zaidi kuliko kujulikana ni kutumiwa. Anayejua saa unapokuwa mnyonge anajua pia saa ya kukuuzia. Tangazo la kubeti likikufikia saa nane usiku, katikati ya nyimbo za huzuni, siwezi kukuapia kwamba limekuja kwa hesabu. Lakini hesabu hiyo inawezekana, na kuna wanaolipia iwezekane.

Njia ya misafara iliyopita hapa Unyanyembe, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, ilikuwa na hongo zake, yaani ushuru wa kupita. Huko Ugogo msafara haukupita mpaka mtemi apewe vitambaa, shanga na nyaya, na wakubwa wa msafara walikaa siku nzima wakibishana juu ya idadi ya doti za vitambaa. Ilikuwa kero, na wasafiri wa zamani wameilalamikia sana katika maandishi yao. Lakini ilitajwa, ilibishaniwa, ililipwa, na ikishalipwa msafara uliondoka. Hii ya simuni haitajwi mlangoni, na haiishi kulipwa.

Sasa tuje kwenye njia nyingine, maana kulalamika peke yake hakumsaidii kijana.

Ya kwanza ni redio, na naiweka mbele kwa makusudi. Simu nyingi mnazotumia zina redio ya FM ndani yake. Chomeka waya wa masikioni, ambao ndio antena, zima data, weka simu katika hali ya ndegeni ukitaka, na redio itaimba. VOT FM na CG FM ziko hapahapa Tabora. TBC Taifa ipo, Radio Maria ipo. Mawimbi yanakuja kwako na hayarudi na habari zako. Hakuna akaunti, hakuna bando, hakuna anayejua kwamba uliongeza sauti wimbo fulani ulipoanza. Angalieni tu jambo moja: ukisikiliza redio hiyohiyo kwa njia ya intaneti, hapo umeacha nyayo, kwa sababu anwani ya simu yako inafika kwenye mashine yao. Ni wimbo uleule, lakini umepita mlango mwingine.

Msiidharau redio kwa kuiona ya wazee. Ndiyo iliyohifadhi muziki wa nchi hii. Bendi nyingi za miaka ya uhuru na baada yake hazikuwa na kampuni ya kuzirekodi. Zilirekodiwa studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na tepu zake ziko TBC mpaka leo. Tabora yetu ilitoa Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, bendi tatu za mji mmoja katikati ya miombo, na nchi nzima ikazijua kwa redio. Shem Karenga alipoimba Dada Asha na Tabora Jazz, watu waliulilia wimbo huo jikoni, kilabuni na kwenye mabasi, na hakuna aliyehesabu machozi yao.

Njia ya pili ndiyo ninayotaka muifanye kuwa ya kila siku: kuwa na nyimbo zako mwenyewe, mafaili yaliyo mkononi mwako. Wimbo wa dakika 4 kwa MP3 ya kawaida huchukua takriban MB 4. Memori kadi ya GB 32 inabeba nyimbo zaidi ya 7,000. Ni maktaba ambayo mtu hataimaliza kwa miaka, na haili bando kila unapoirudia. Kwa kijana anayenunua bando la shilingi chache chache, hesabu hiyo peke yake ingetosha hata kama habari ya faragha haikumgusa.

Faili likishakuwa kwenye kadi, unahitaji programu ya kulipiga isiyokupeleleza. Tumieni VLC. Ilianzishwa na wanafunzi wa chuo kimoja nchini Ufaransa mwaka 1996; ni ya bure, haina matangazo, haiombi akaunti, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuukagua. Kuna ghala la programu za namna hiyo linaloitwa F-Droid, lililoanza 2010, ambalo halikutaki ujiandikishe ili kupakua chochote. Huko mtapata AntennaPod, kwa wale wanaopenda mahubiri na vipindi vya mazungumzo. Lakini jihadharini na zile programu za kupakulia nyimbo bure ambazo watu hurushiana WhatsApp, haijulikani zimetoka kwa nani. Programu ya kupiga muziki inayoomba kusoma namba za watu wako, ujumbe wako mfupi na mahali ulipo, ifute siku hiyohiyo. Afadhali Spotify, ambayo angalau ina anwani na ina sheria inayoibana.

Mafaili hayo yatoke wapi? Hapa ndipo nataka mnisikilize kwa makini, kwa sababu vijana wengi wakisikia faragha hukimbilia kibandani kuingiza nyimbo 500 kwa shilingi elfu mbili, na msanii hapati hata senti. Kujificha kwa kampuni kusiwe kumwibia mwimbaji. Amekesha studio, amelipa mpiga kinanda, ana watoto. Anayependa wimbo na asijali tumbo la aliyeuimba, mapenzi yake ni nusu.

Anzeni na walio karibu. Kwaya zenu zinarekodi. Nunueni albamu kwa katibu wa kwaya, iwe kwenye diski au flashi, mlipe taslimu au kwa simu. Aliyekuuzia atajua kwamba umenunua, lakini hatajua unausikiliza wimbo wa tatu kila usiku wa kuamkia Ijumaa. Wasanii wengi wa mjini nao ukiwaandikia wenyewe watakutumia faili kwa malipo madogo, na watafurahi kuliko unavyodhani, maana mia moja wakinunua hivyo, ni pesa wanayoiona kwa macho.

Kwa muziki wa mbali kuna Bandcamp, soko la mtandaoni lililoanza 2008. Unanunua albamu, unapakua mafaili kamili, unayaweka kwenye kadi yako, na biashara imekwisha. Soko hukata asilimia 15 kwa muziki wa mafaili, ada za malipo zinaondolewa, na zinazobaki ni za msanii au lebo yake. Singeli ya Dar es Salaam imeuzwa huko: Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa Sounds of Sisso mwaka 2017, na wasikilizaji wa Ulaya waliinunua. Kikwazo kwetu ni malipo, kwa sababu panahitajika kadi. Lakini mitandao ya simu nchini sasa inatoa kadi za malipo ya mtandaoni, na vijana watatu wanaweza kuchanga na kutumia ya mmoja. Soko hilo nalo litajua ulichonunua, na ukisikiliza kupitia programu yao wataona. Pakueni, kisha sikilizeni kwingine.

Ninyi wa kwaya mna neema moja zaidi. Tovuti ya Swahili Music Notes imekusanya nota za nyimbo za kanisa za watunzi wetu, na unaweza kupakua nota ukaenda kuziimba wenyewe. Tungo za John Mgandu na Joseph Makoye nchi hii imezijua kwa midomo ya wanakwaya kuliko kwa mashine yoyote. Wimbo uliousoma kwenye karatasi, ukaufundisha sauti ya nne, ukauimba Misa ya pili, huo umekuwa wako kwa namna ambayo hakuna huduma inayoweza kukupa.

Kwa bweni au kigango chenye kompyuta na kijana anayezipenda, kuna hatua nyingine. Navidrome na Jellyfin ni programu za bure zinazogeuza kompyuta yoyote, hata ile ndogo ya Raspberry Pi inayoenea kiganjani, kuwa maktaba ya muziki ya nyumba nzima. Mnaiunganisha na waifai ya humo ndani, pasipo intaneti kabisa, na kila mtu anasikiliza kwa simu yake. Albamu za kwaya, rekodi za sherehe za upadrisho, masomo ya lugha, vyote vinakaa mahali pamoja. Lakini anayeisimamia aapishwe: programu hizi nazo zinaweza kuonyesha nani amesikiliza nini, na ikiwa msimamizi ni mdadisi, mtakuwa mmehama kutoka kwa mgeni asiyewajua kwenda kwa jirani anayewajua. Zimeni kumbukumbu hizo, na akaunti iwe moja ya wote. Hili nalisisitiza kuliko yote ya kompyuta niliyoyataja, kwa sababu nimeishi katika jumuiya na najua neno linavyotembea.

Kuna wanaoniuliza juu ya NewPipe, inayopiga video za YouTube bila akaunti na bila matangazo. Inafanya kazi, na kwa hotuba au somo siioni vibaya. Kwa nyimbo sina raha nayo, kwa sababu msanii hapati chake. Mkiitumia kuonja, rudini mkanunue.

Na wale watakaobaki kwenye huduma kubwa, sitawalaumu. Wengine simu ndiyo pekee waliyo nayo, na nafasi imejaa. Basi fanyeni haya jioni moja, yasiwapite. Fungueni akaunti kwa barua pepe ya pembeni, isiyo na jina lenu kamili wala tarehe halisi ya kuzaliwa inayoonekana kwa wengine. Msiingie kwa Facebook. Kwenye mipangilio ya simu, nyimeni programu ya muziki maikrofoni, mahali ulipo na namba za watu; muziki hauhitaji hata kimoja kati ya hivyo. Kwenye sehemu ya Google, katika matangazo, futeni kitambulisho cha matangazo. Kwenye YouTube simamisheni historia ya mliyotazama. Kwenye Spotify zimeni matangazo yanayolengwa. Na simu ya familia, ile inayoshikwa na mama mchana na mdogo wenu jioni, isibaki na akaunti yako wazi. Nyimbo za huzuni zako zisije zikamwandikia mtoto wa miaka tisa tabia ambayo si yake.

Sheria ipo pia, na ninyi mnaosoma mjue kuitumia. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inataja haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa rasmi Aprili 2024. Mna haki ya kuuliza kampuni ina nini juu yenu, na mna mahali pa kupeleka malalamiko. Huko Sweden malalamiko yaliyoanza 2019, kwamba Spotify haimwelezi mteja vya kutosha juu ya taarifa zake, yaliishia na faini ya krona milioni 58 mwezi Juni 2023. Ilichukua miaka minne, lakini ilianza na watu wa kawaida walioandika barua ya kuomba kilicho chao.

Limebaki moja, nalo haliwezi kungoja kama mengine. Katika nyumba za Ng'ambo, Isevya, Cheyo na hapa kwetu kuna kaseti za zamani: bendi zilizorekodiwa redioni na mtu aliyekaa na kidole kwenye kitufe, kwaya za parokia zilizokufa, ngoma za harusi, sauti za marehemu. Utepe unaoza kwa joto na vumbi la Tabora. Nyimbo nyingi kati ya hizo hazipo kwenye huduma yoyote, na hazitakuwapo. Nendeni mkaombe. Waya mmoja kutoka tundu la spika za masikioni la redio ya kaseti hadi kwenye kompyuta, programu ya bure ya Audacity, na uvumilivu wa kukaa dakika 60 kwa kaseti ya dakika 60. Hifadhini nakala kubwa isiyobanwa kwanza, ndipo mtoe MP3 ya simu. Katika jina la faili wekeni bendi au kwaya, mwaka kama unajulikana, na nyumba kaseti ilikotoka. Mwenyewe arudishiwe kaseti yake pamoja na nakala, na akisema rekodi ile ni ya nyumbani tu, isipelekwe popote, iheshimiwe hivyo hata kama ni nzuri kupita zote. Redio ya kaseti inayofanya kazi ipo kwangu, na waya nimeshanunua. Njooni na kompyuta, Jumamosi yoyote baada ya saa nane.